Kwa Nini Kupima Dawa Mwishoni Hakutoshi

Chupa ya maji ya dripu hufika kitandani kwa mgonjwa ikiwa imefungwa, nayo haifunguliwi mpaka wakati wa kutumiwa. Daktari hana njia ya kujua, kwa kuitazama tu, kama ndani yake mna vijidudu au hamna. Maji yaweza kuwa na maelfu ya bakteria katika kila mililita moja na bado yakaonekana maangavu. Tena dawa inayotiwa mshipani huchanganyika na damu mara moja, bila kupitia tumboni wala kukutana na kinga nyingine za mwili zinazokikabili kitu kilichomezwa.

Je, kiwanda hujuaje kwamba kila chupa inayotoka mlangoni ni salama? Wengi hujibu kuwa dawa hupimwa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halikamiliki. Makala haya yaeleza sababu.

Tukio la Devonport

Mwezi Machi 1972, katika hospitali ya Devonport mjini Plymouth, Uingereza, wagonjwa kadhaa waliokuwa wamefanyiwa upasuaji walizidiwa baada ya kutiwa maji ya dripu yenye sukari ya asilimia 5. Baadhi yao walifariki. Chupa zilipochunguzwa zilikutwa na bakteria. Serikali iliunda kamati ya uchunguzi chini ya mwanasheria Cecil Clothier, nayo ikatoa taarifa yake mwaka huohuo.

Ilidhihirika kwamba chupa hizo zilitengenezwa mwezi Aprili 1971, karibu mwaka mzima kabla ya maafa. Sampuli za fungu hilo zilipimwa kiwandani, zikaonekana kuwa safi, na fungu likaruhusiwa kuuzwa. Yaani dawa iliyoua ilikuwa imefaulu mtihani. Ili kufahamu jinsi jambo hilo lilivyowezekana, hapana budi kutazama kwanza namna chupa zinavyotakaswa.

Mvuke na hewa

Chupa za dripu hutakaswa ndani ya otoklevu, yaani chombo kikubwa cha chuma chenye mlango madhubuti, ambacho hujazwa mvuke wenye kanieneo kubwa. Mvuke wa nyuzi 121 za Sentigredi, joto hilo likidumu ndani ya chupa zenyewe kwa dakika 15, huua hata zile mbegu sugu za bakteria zinazostahimili maji yanayochemka.

Mvuke una adui mmoja, nayo ni hewa. Hewa baridi ni nzito kuliko mvuke, hivyo hutuama chini ya chombo. Isipofukuzwa, huzifunika chupa za chini na kuzuia mvuke usizifikie. Ubaya ni kwamba geji ya kanieneo haitofautishi hewa na mvuke. Hewa yote ikiwa imetoka, kanieneo ya ratili 15 kwa inchi mraba, juu ya ile ya angahewa, huambatana na joto la nyuzi 121. Nusu ya hewa ikibaki, geji huonyesha ratili zilezile 15, ilhali joto ni nyuzi 112 hivi.

Hayo ndiyo yaliyotokea kiwandani. Hewa ilibaki chini ya otoklevu, na chupa za sehemu hiyo hazikupata joto la kutosha. Kipimajoto chenye kuandika joto juu ya karatasi hakikupanda kama ilivyotakiwa, lakini onyo lake halikuzingatiwa. Wahusika waliamini kipimo kingine. Chupa zilizopelekwa maabara nazo hazikutoka mahali palipokuwa na kasoro.

Hesabu ya sampuli

Yaweza kudhaniwa kwamba dawa ya tatizo hili ni kuchukua sampuli zaidi. Hesabu yaonyesha vinginevyo. Ili chupa ipimwe lazima ifunguliwe, na ikishafunguliwa haiuziki tena. Kwa hiyo kiwanda hakiwezi kupima chupa zote.

Chukuliwe kwa mfano fungu la chupa 1,000 ambamo chupa 10 zina vijidudu, yaani chupa moja katika kila 100. Maabara ikichagua chupa 20 bila upendeleo, kila chupa ina nafasi ya 0.99 kuwa safi. Nafasi ya chupa zote 20 kuwa safi hupatikana kwa kuzidisha 0.99 kwa 0.99 hadi zitimie ishirini, na jawabu ni karibu 0.82. Maana yake ni kwamba, katika mafungu 100 mabovu ya namna hiyo, kama 82 yatafaulu mtihani. Hata chupa 100 zikivunjwa na kupimwa, bado kama theluthi moja ya mafungu hayo mabovu itapita.

Kwa upande mwingine, kiwango kinachotakiwa leo kwa dawa zilizotakaswa ni kwamba nafasi ya chupa moja kubaki na kijidudu hai isizidi moja katika milioni. Hakuna sampuli iwezayo kuthibitisha jambo hilo. Linaweza kuthibitishwa tu kwa kuujua na kuusimamia utaratibu wenyewe wa kazi.

Nguzo nne za ubora

Kwa sababu hiyo usimamizi wa ubora viwandani hujengwa juu ya nguzo nne.

Kwanza, mtambo huthibitishwa kabla ya kutumika. Vipimajoto vidogo huwekwa ndani ya chupa, pande zote za otoklevu, ili pajulikane mahali penye baridi kuliko pengine. Jaribio hurudiwa mpaka iwe hakika kwamba hata hapo joto linafika.

Pili, kila hatua huandikwa. Kuna maagizo ya maandishi kabla ya kazi, na kumbukumbu zenye saini wakati wa kazi. Karatasi ya joto husomwa na aliyeendesha mtambo, kisha na mtu mwingine.

Tatu, dawa iliyokwisha kutengenezwa huwekwa karantini mpaka mtu mwenye dhamana ya ubora aidhinishe itoke. Mtu huyo hapaswi kuwa chini ya amri ya mkuu wa uzalishaji, kwani mwenye haraka ya kutimiza hesabu ya chupa hafai kuwa hakimu wa chupa hizo.

Nne, hitilafu haipuuzwi. Vipimo viwili vikipingana, kazi husimama na sababu hutafutwa. Chombo kinachoshukiwa kuwa kibovu hutengenezwa. Hakiachwi kikaendelea kusema peke yake.

Sheria na ukaguzi

Kanuni hizi hazikuanza baada ya Devonport. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliziridhia kanuni za utengenezaji bora wa dawa mwaka 1969, na Uingereza ilitoa mwongozo wake wa kwanza mwaka 1971, mwaka uleule chupa zile zilipotengenezwa. Yaonekana basi kwamba kanuni iliyoandikwa hailindi mtu mpaka itekelezwe, na utekelezaji unahitaji mkaguzi.

Katika Tanzania kazi hiyo ilikabidhiwa Mamlaka ya Chakula na Dawa kwa sheria ya mwaka 2003; tangu mwaka 2019 chombo hicho huitwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba usimamizi wa dawa nchini umefikia daraja la tatu kati ya madaraja manne, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuthibitishwa hivyo. Mkaguzi aingiapo kiwandani hatosheki na cheti cha maabara. Hudai karatasi za joto, huuliza ni nani aliyezisoma, na hutaka kujua lililofanyika siku ambayo mstari haukupanda.

Zoezi kwa wanafunzi

1. Katika fungu la chupa 1,000, chupa 50 ni mbovu. Kadiria nafasi ya sampuli ya chupa 20 kutoonyesha kasoro yoyote.

2. Eleza kwa nini geji ya kanieneo peke yake haitoshi kuthibitisha kwamba otoklevu imefanya kazi.

3. Taja shughuli moja iliyo karibu nawe, kama vile kusindika maziwa au kuhifadhi chanjo, ambamo ubora hutegemea utaratibu wa kazi kuliko kipimo cha mwisho.