SOMO: HOMA YA MAMA NA WALINZI WA UBONGO WA MTOTO

Somo la leo ni la akina mama wenye mimba. Lakini akina baba nao wasikilize, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaoshika pesa ya gari.

Wafugaji wa Lafey wanajua jambo hili vizuri: ugonjwa ukiingia kwa mbuzi wenye mimba, mimba hutoka. Homa ya Bonde la Ufa ilifanya hivyo huku Kaskazini Mashariki, hasa Garissa, 1997 hadi 1998, na tena 2006 hadi 2007. Basi tujiulize: mama mwenye mimba akishikwa na homa, mtoto aliye tumboni hupatwa na nini?

Walinzi hawa ni nini?

Ubongo wa mtoto una chembechembe zake za ulinzi. Wataalamu huziita maikroglia. Huingia kichwani mapema sana, mnamo mwezi wa pili wa mimba. Kazi zake ni mbili. Kwanza, kupigana na viini vya magonjwa. Pili, kusafisha: hula chembechembe zilizokufa na kupunguza viungio vya ubongo visivyohitajika, kama vile mtu anavyopunguza matawi ili mti ukue vizuri.

Homa inamfikiaje mtoto?

Kuna njia mbili. Viini vingine hupenya kondo la nyuma na kumwingia mtoto mwenyewe. Rubela ni mfano. Zika pia, kirusi kilichogunduliwa 1947 katika msitu wa Zika kule Uganda. Kilipofika Brazil, kuanzia 2015 watoto wengi walizaliwa na vichwa vidogo.

Njia ya pili, kiini hakivuki. Lakini mwili wa mama ukipigana nacho hutoa kemikali za kuamsha ulinzi, na habari hiyo humfikia mtoto. Walinzi wake nao huamka. Kwa panya, watafiti wameona walinzi hao wakibadilika, na tabia za watoto wa panya zikabadilika pia. Kwa binadamu, utafiti wa Denmark uliotolewa 2010 ulionyesha kwamba usonji ulizidi kidogo kwa watoto ambao mama zao walilazwa hospitali kwa maambukizi katika miezi fulani ya mimba.

Sikilizeni vizuri: watoto walio wengi ambao mama zao waliugua huzaliwa wazima. Kwa hiyo mtoto akichelewa kusema, msimnyoshee mama kidole. La maana ni kutibu mapema.

Tufanye nini?

- Mama aanze kliniki kabla ya wiki 12. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri aende mara 8.
- Alale ndani ya neti, hasa mvua zikinyesha.
- Maziwa ya ngamia na mbuzi yachemshwe. Maziwa mabichi huleta bruselosi, na mimba inaweza kutoka.
- Asishike kwa mikono mimba ya mnyama iliyotoka.
- Akiwa na homa, maumivu ya kukojoa au uchafu wenye harufu mbaya ukeni, aende kwa daktari au nesi siku hiyo hiyo. Asibahatishe vidonge vya dukani.

Maswali ya kujadiliana

1. Usiku mama akishikwa na homa, nani ana gari, na nani atalipa?
2. Kikundi chetu kinaweza kuweka akiba kiasi gani kila mwezi kwa ajili hiyo?
3. Ni mama gani mjamzito katika boma letu ambaye hajaenda kliniki? Nani atamsindikiza wiki hii?