Ardhi Ikitikisika, Usikurupuke!

Rafiki msomaji, tetemeko halipigi hodi. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika Bukoba kwa ukubwa wa 5.9. Watu walifariki, nyumba zikabomoka, na majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato yakaharibika vibaya.

Je, ungekuwa wewe? Wengi hukimbilia mlangoni, wakaangukiwa na matofali na vioo. Ukiwa darasani, ingia chini ya dawati, ulishikilie mpaka litulie. Ukiwa kitandani, baki hapo, funika kichwa kwa mto. Ukiwa nje, kaa mbali na kuta.

Likitulia, tokeni. Bweni lina nyufa? Usirudi kufuata tranka. Tetemeko jingine laweza kuja. Tranka utanunua, uhai je?

Ombeni mwalimu mfanye zoezi wiki hii.