Kupanga Safari ya Familia Kando ya Ziwa Naivasha



Nimeombwa niandike somo kuhusu safari, nami nimechagua jambo ambalo ni wachache wetu hapa Muthetheni waliowahi kulijaribu: kusafiri na familia nzima kwa gari ambalo ndilo nyumba. Ulaya na Marekani magari ya namna hiyo ni ya kawaida. Yana vitanda, meko na hata choo. Sisi chamani tumeyaita magari-nyumba, ingawa palizuka ubishi mkali kuhusu wingi wake, na wengine mpaka leo wanasema "gari-nyumba nyingi". Hao tuwaache.

Nyumbani kwetu hatuna gari-nyumba. Tuna gari la mjomba, matatu ya zamani iliyostaafu kubeba abiria, ambayo viti vyake vya nyuma viliondolewa vikabaki vinane. Baba aliamua kwamba likizo ya Agosti twende Ziwa Naivasha kwa siku tatu, kisha kalamu nikatupiwa mimi, ati kwa kuwa ndimi msomi. Shida ilikuwa nyanya yetu, ambaye sisi humwita Susu. Ana presha, magoti yanamuuma, na maishani mwake hajapata kuona ziwa. Maji anayoyajua ni ya kuchimbwa mchangani mtoni na ya mabwawa ya mchanga ya huku kwetu Ukambani. Mjomba alisema wazi kwamba Susu abaki nyumbani, safari itamchosha. Susu akasema ataenda hata akifungwa kwenye keria. Basi mpango wangu ulikuwa na kazi moja: kuonyesha kwamba inawezekana aende na arudi salama.

Watu wengi wakipanga safari huanza na vitu vya kutazama. Mimi nasema, anza na usiku. Mkilala vibaya usiku wa kwanza, siku zote zinazofuata zimeharibika, tena atakayeumia kwanza ni mzee. Kwa hiyo niliandika mahali pa kulala kabla ya kitu kingine chochote.

Barabara ya Moi South Lake hupita upande wa kusini wa ziwa, na kando yake zimo kambi ambazo mgeni hulipa akaegesha gari na kulala. Lakini usimwamini mtu aliyelala huko miaka kumi iliyopita. Ziwa hili limepanda. Mwaka wa 2020 maji yaliingia katika nyumba za watu mtaa wa Kihoto, na mwaka wa 2025 yakaingia tena. Mahali palipokuwa uwanja wa kuegesha magari panaweza kuwa makao ya samaki sasa. Piga simu kwanza, uulize mambo manne: je, maji yamefika wapi? Choo kiko hatua ngapi kutoka kwa gari? (Hili ni la Susu.) Kuna askari wa usiku? Na je, kuna waya wa kuzuia viboko?

Hilo la viboko si mzaha. Mchana kiboko hukaa majini akaonekana mpole kama jiwe, lakini usiku hutoka kula nyasi ufuoni, na kambi nyingi zimezungushiwa waya wa umeme wa chini kwa sababu hiyo. Usivuke waya huo usiku kwa hali yoyote, wala usisimame kati ya kiboko na maji, kwani ndiko anakokimbilia akishtuka.

Jambo la pili la usiku ni baridi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Agosti usiku wake si kama wa kwetu. Mama alipendekeza tuingize jiko la makaa garini, tufunge milango, tupate joto. Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, hata kama hutaenda Naivasha kamwe. Makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mwilini huzuia damu isibebe oksijeni, na mtu aliyelala huenda asiamke. Jiko la makaa halilali na watu. Hata mtungi wetu wa gesi wa kilo 6 tutapikia nje, umbali wa hatua kadhaa. Joto tutalipata kwa mablanketi, na kila mtu achukue soksi nzito. Madirisha mawili tutayaacha wazi kidogo ili hewa ipite.

Sasa njia. Kutoka hapa tunapitia Masii, Machakos mjini, tunaingia barabara ya Mombasa pale Kyumbi, kisha Nairobi na Limuru. Jumla ni kama kilomita 200. Chini iko njia ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lakini malori huijaza sana, kwa hiyo mimi nimechagua ya juu. Tutaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla Nairobi haijaamka vizuri. Kila baada ya saa moja na nusu tutasimama Susu anyooshe miguu, na kituo kirefu kitakuwa pale ukingoni mwa Bonde la Ufa, mahali Mlima Longonot unapoonekana. Dawa zake zitakaa mkobani mwa mama, si buti. Godoro litakunjwa mpaka tufike. Gari likitembea hakuna kulala nyuma, kila mtu kitini na mkanda wake. Hata kwa kusimama kote huko, saa nane mchana tutakuwa kambini, mwanga ukiwapo.

Siku ya pili tumeigawa. Asubuhi ni ziwa. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimaasai kuhusu maji yanayochafuka, na kweli alasiri upepo huvuma mawimbi yakainuka. Mwenye kutaka mashua apande asubuhi, akiwa amevaa jaketi la kuokoa maisha. Susu atabaki ufuoni na chai yake, akiwatazama wanaoyumba. (Nina swali nitakalompa mwalimu wa Jiografia: ziwa hili halina mto unaotoka, mbona maji yake si ya chumvi? Jibu ni kwamba mengine hupenya chini ya ardhi yakaondoka na chumvi.)

Alasiri ni Hell's Gate, mbuga iliyofunguliwa mwaka wa 1984. Wadogo wangu watakodi baiskeli, kwani huko huruhusiwa, naye Susu atawaona pundamilia na mwamba wa Fischer bila kutoka garini. Kwenye korongo la Ol Njorowa hatuingii kukiwa na dalili ya mvua, hata mvua ya mbali. Aprili 2012 na tena Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua wageni humo ndani. Malipo ya mbuga za KWS hufanywa kwa simu, si pesa taslimu, na raia abebe kitambulisho, mwanafunzi kadi ya shule.

Limebaki la petroli. Kilomita 200 kwenda, 200 kurudi, na 100 za kuzunguka huko: 500. Gari la mjomba hunywa lita moja kwa kila kilomita 10, kwa hiyo lita 50. Bei mpya hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi. Zidisha, kisha ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya foleni ya Nairobi, maana gari lililosimama nalo hunywa.

Mjomba ameusoma mpango huu mara mbili. Kuhusu Susu hakusema neno tena. Aliuliza tu nani atalipa zile lita 50, na baba akajifanya hakusikia.