Usiiuze Kabla Hujaifungua

SWALI

Babu yangu alifariki mwaka jana akaacha pikipiki ya BSA M21 yenye kigari cha ubavuni. Imekaa bandani miaka mingi, injini imekamata, kiki haishuki hata kidogo. Baba mdogo anataka iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu tugawane. Fundi wa bodaboda wa hapa anasema aing'oe injini aweke ya Kichina ya cc 150, na baada ya wiki itakuwa barabarani. Bibi hajasema iuzwe wala isiuzwe, ila kila nikitoka bandani huniuliza kama imewaka. Ndiyo iliyokuwa ikimpeleka hospitali Moshi. Nina akiba kidogo ya kuezekea nyumba na mke wangu ananiona nimepotea njia. Sitaki kugombana na familia kwa ajili ya chuma. Nifanyeje?

Mjukuu, Marangu

JIBU

Mjukuu, pole kwa msiba. Usiiuze, usikubali injini ing'olewe, na akiba ya mabati usiiguse. Yote matatu yanawezekana ukienda kwa mpangilio.

Anza na familia. Kwa sasa pikipiki hiyo si yako wala si ya baba mdogo, ni mali ya marehemu. Ukoo ukae kikao, mumpendekeze msimamizi wa mirathi athibitishwe Mahakama ya Mwanzo. Bila hati hiyo huwezi kuhamisha umiliki TRA, na ukitengeneza kwa fedha yako mali isiyo na jina lako unajitafutia kesi. Kwa baba mdogo nenda na mtu mzima anayemheshimu, usiende kumwambia amekosea. Mwombe muda, na umweleze kwamba anayenunua kwa kilo hulipa bei ya chuma tu, hata kama pikipiki ni nzima. Akitaka fungu lake, ithaminiwe kama pikipiki, nawe umlipe kidogo kidogo kwa maandishi. Bibi naye asikilizwe kikaoni. Ni mjane wa mwenye mali, na swali lake la kila siku limeshaonyesha anachotaka.

Sasa ujue ulicho nacho. M21 ilitengenezwa na BSA ya Birmingham, Uingereza, kuanzia 1937 hadi 1963. Ina silinda moja ya cc 591, valvu zake ziko ubavuni, na iliundwa mahususi kwa kuvuta. Chama cha madereva cha AA huko Uingereza kiliwapa watu wake wa doria pikipiki hizi zikiwa na vigari vya kubebea zana. Ndugu yake, M20 ya cc 496, ilitumiwa na jeshi la Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, na zilitengenezwa zaidi ya laki moja. Kwa kuwa zilikuwa nyingi kiasi hicho, hadi leo wako Waingereza wanaoishi kwa kuuza vipuri vyake. Tafuta kitabu cha vipuri, uagize kwa namba ya kipuri. Bushi na pini usiagize ng'ambo, hizo zinachongwa hapo Moshi.

Injini ya cc 150 hupata nguvu yake kwa kuzunguka kasi. Ukiifunga kigari, ukampakia bibi, ukaanza kupanda kutoka Himo, itachemka na klachi itaungua. Tena ili ikae, fremu itabidi ikatwe, na namba ya injini haitalingana na ile ya kwenye kadi. Fundi wako anajua kazi ya bodaboda vizuri, lakini kazi hii ni nyingine.

Injini kukamata si kifo. Usiirukie kiki kwa nguvu, utavunja meno ya gia zake. Kwa kuwa valvu ziko ubavuni, kichwa cha silinda kinatoka kirahisi injini ikiwa bado ndani ya fremu, na ukikitoa unaiona pistoni kwa macho. Mimina mafuta ya kulainisha kutu kuizunguka, uache siku kadhaa ukiongeza. Kisha tia gia ya juu, usukume tairi ya nyuma mbele na nyuma taratibu. Nyundo isiguse pistoni. Ikilegea, fungua uangalie ringi, valvu na beringi kabla ya kufikiria kuiwasha. Nati zake ni za vipimo vya Kiingereza. Spana za milimita hazikai, zinazilia pembe, kwa hiyo tafuta seti ya Whitworth kwanza.

Magneto nayo ina tabia yake. Injini ikiwaka vizuri asubuhi kisha ikazima ikipata joto, na ikakataa mpaka ipoe, mara nyingi tatizo ni kondensa au koili. Mafundi wa kusuka mota wanaweza kukusaidia hapo. Tangi la petroli lisafishwe kutu, na asilichomelee mtu yeyote kabla halijaoshwa na mvuke wa petroli kuisha kabisa, maana linalipuka. Siku itakapowaka, fungua kifuniko cha tangi la oili uchungulie. Lazima uone oili ikirudi. Isiporudi, zima hapo hapo.

Lakini kabla ya siku hiyo, breki. Barabara ya kushuka kwenu haimsamehe mtu. Laini za zamani zilikuwa na asbesto, hivyo usipulize vumbi lake, lifute kwa kitambaa kibichi. Weka laini mpya, nyaya mpya, tairi mpya, na kila spoku ikaguliwe. Rangi ije mwisho kabisa. Wengi huanza kwa kupaka rangi, fedha ikaishia hapo, na pikipiki ikabaki pambo la bandani.

Kisha kigari. Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo kiwe kushoto. Laza ubao ulionyooka ubavuni mwa tairi za pikipiki na mwingine kwenye tairi ya kigari. Nafasi kati ya mbao hizo iwe ndogo kidogo mbele kuliko nyuma, kwa sentimita moja au mbili. Pikipiki yenyewe iegemee nje kidogo, mbali na kigari. Usipofanya hivyo itakuvuta upande mmoja mpaka mikono iume.

Na ujifunze upya kuendesha. Chombo hiki hakilali kwenye kona, unakigeuza kwa usukani. Ukiongeza mafuta kinavuta kushoto. Ukifunga breki, kama kigari hakina breki yake, kinavuta kulia. Kona ya kushoto ukiiingia kwa kasi, tairi ya kigari inanyanyuka. Fanyia mazoezi uwanjani, kigarini ukiwa umeweka gunia la mchanga. Bibi asipande mpaka uwe umezoea, umekata bima ndogo, na kadi ina jina lako.

Kuhusu mke wako, ana haki ya kuogopa, kwa sababu hajaonyeshwa hesabu. Kaeni pamoja muandike: nyumba inaezekwa kwanza, na pikipiki inapata kiasi fulani kila mwezi, kisichozidi. Kipuri kimoja kikikamilika ndipo kinunuliwe kingine. Ikichukua miaka miwili, ichukue. Imeshakaa bandani muda mrefu zaidi ya huo.

Mjukuu, pikipiki hii ikishapimwa kwenye mizani ya chuma chakavu imekwenda, hata ukipata fedha kesho hutaipata tena. Itisha kikao wiki hii.