Baiskeli Ndani ya Ndege

*Bwana Fundi, naazimia kusafiri kutoka Mombasa kwenda Maskati na baiskeli yangu. Nachelea isije ikavunjika, au mipira ikapasuka angani. – Msafiri*

Ndugu Msafiri, hofu ya mipira iondoe, kwani hata hewa ya nje ingetoweka kabisa, mpira ungeongezewa shinikizo la paundi 15 tu kwa inchi ya mraba, nao ukiwa mzima huzistahimili. Kinachodhuru hasa ni kutupwatupwa: basi omba katoni tupu dukani, ung'oe pedali (ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kama mishale ya saa, jambo liwatatizalo wengi), ukaze kipande cha mti baina ya ncha za uma wa mbele ulioondolewa gurudumu, na gia ya nyuma uifungue uiviringishe nguo. Ukiona dhara, arifu kabla ya kutoka uwanjani, kisha uandike barua. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu usafiri wa ndege, umekupa siku 7 za kufanya hivyo.