Kazi ya Mzazi na Siasa ya Mtoto



Siasa ni nini? Wengi tunadhani ni hotuba na kura tu. Siyo. Siasa ni namna watu wanavyopanga mambo yao ya pamoja: ardhi, kodi, shule, bei ya mazao. Mtoto huanza kujifunza hayo nyumbani, kwa kusikiliza habari za kazi ya wazazi.

Tutazame hapa kwetu Igamba, Mbozi. Mtoto wa mkulima wa kahawa anamsikia baba akitoka kwenye mkutano wa ushirika: "Makato haya nani kayapitisha?" Basi anajua mapema kuwa kiongozi huulizwa hesabu. Mama yake mwingine anauza mahindi Tunduma. Huyo anasikia habari za ushuru na mpaka wa Zambia. Mtoto wa mwalimu anaona magazeti. Kila mmoja amepata kipande chake.

Je, mtoto wa kibarua? Baba katoka alfajiri, karudi usiku kachoka. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, yeye yuko shambani kwa watu. Si mjinga, ila kazi imemnyima nafasi. Lakini mtoto wake akifika miaka 18 atapiga kura kama wengine. Asiyejua haki yake hununuliwa kwa kilo ya sukari.

Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake alikuwa chifu wa Wazanaki, na mashauri ya watu yaliletwa kwa chifu. Sisi si machifu. Ila leo baraza ni letu sote.

Tufanye nini?

1. Tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji, baba na mama. Ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi. Haulizwi mtu kazi yake. Sheria inataka ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu.

2. Tukirudi, tuwasimulie watoto: fedha ngapi zimeingia, zimetumika wapi.

3. Kibarua aliyekosa mkutano amwulize jirani, naye awasimulie wanawe.

4. Mtoto akiuliza, tusimwambie, "Hayo ya wakubwa." Tumjibu.

Maswali ya kujadili

1. Mwenyekiti wa kijiji alichaguliwa mwaka 2024. Je, mtoto wako anamjua? Anajua kazi yake?

2. Kazi yako inamfundisha mtoto nini? Inamficha nini?

3. Mkutano ufanyike saa ngapi ili vibarua nao wafike?