Mtoto Hataki Nyama: Fanyeni Hivi, Hayo Mengine Acheni

Mtoto wa miaka miwili akitema nyama, nyumba nzima inaingia vitani. Mama anabembeleza, baba anakunja uso, bibi anauliza kwa sauti kwani siku hizi watoto hawachapwi. Mtoto mwenyewe keshasahau, anachezea kijiko. Maagizo haya basi ni ya wakubwa. Nyama mtoto anaweza kuikosa na akakua vizuri tu: majirani zetu Wahindu wasiokula nyama wamelea watoto Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa kizazi baada ya kizazi kwa dengu, choroko, maziwa na mtindi. Kinachomharibu ni yale mnayomfanyia baada ya kukataa, na vile mnavyomlisha badala yake.

Usimkabe. Kumlaza mapajani, kumziba pua ili afumbue mdomo kisha kumsindilia uji au nyama iliyosagwa ni jambo ambalo bado linafanyika, na wanaolifanya huliita kulisha. Chakula kinachoingia mdomoni mwa mtoto anayelia huweza kwenda njia ya hewa: anapaliwa, na kikifika kwenye mapafu kinaleta nimonia. Marufuku hii inamhusu pia dada wa kazi. Ila ukimwachia asubuhi amri kwamba jioni unataka kukuta bakuli tupu, usimlaumu yeye. Aliyemkaba mtoto ni wewe.

Kagua meno kabla ya kumwita mkaidi. Magego ya kwanza huota karibu na miezi 13 hadi 19, na ya pili yanaweza kuchelewa mpaka mtoto amepita miaka miwili na nusu. Huku buchani tunauziwa nyama ya ng'ombe aliyetembea kutoka malishoni hadi mnadani, na kuku wa kienyeji aliyekimbizwa uani maisha yake yote. Mtu mzima mwenyewe hutoa kijiti baada ya kuila. Mtoto ananyonya mchuzi, anabakiwa na fungu la nyuzi mdomoni, analitema. Hapo hajakataa nyama, ameshindwa kuitafuna.

Basi ilainishe. Ichemshe mpaka ichambuke, ikate kukatiza nyuzi, au nunua ya kusaga uipike ndani ya maharage na viazi. Wachaga walikwishamaliza mjadala huu zamani kwa mtori: ndizi na nyama vinapikwa pamoja mpaka vinapondeka, na mwenye meno na asiye na meno wanakula chungu kimoja. Katlesi na kababu laini zinafaa pia. Lakini usiape mbele ya mtoto kwamba nyama haimo wakati imo. Akigundua, na atagundua, kesho atakataa na viazi.

Usimpe mchuzi ukadhani umempa nyama. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na linafanywa kwa upendo. Utasikia, “Nyama hataki, lakini mchuzi anakunywa vizuri, na nguvu yote si imo kwenye supu?” Haimo. Sehemu kubwa ya protini na madini ya chuma imebaki kwenye ule mnofu uliomo chunguni. Supu imebeba maji, chumvi, mafuta na ladha. Mtoto anashiba wali uliolowana, tumbo linajaa, na mama analala akiwa na amani. Halafu tuseme ukweli kidogo: katika nyumba nyingi mtoto hakukataa nyama, bali hakupewa. Firigisi ni ya baba, paja ni la mgeni, mdogo anamwagiwa mchuzi juu ya ugali tangu alipoanza kula. Akifika miaka miwili mnamshangaa kwamba nyama haijui. Mpe kipande chake, kilicho laini, kabla baba hajapakuliwa. Baba hatakufa.

Acha kuhangaika na protini, hangaika na damu. Mapendekezo ya lishe ya Marekani yanampa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 gramu 13 tu za protini kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, na kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 8. Hesabu imekwisha kabla ya maharage kuiva. Kwa upande wa damu, chuma ndicho kigumu: anahitaji miligramu 7 kwa siku, na kile cha kwenye mimea hufyonzwa kidogo kuliko cha kwenye nyama na samaki. Hata yai, pamoja na sifa zake zote, halisaidii sana upande huo. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015–16 uliwakuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wa miezi 6 hadi 59 na upungufu wa damu. Malaria na minyoo vimo ndani ya hesabu hiyo, kwa hiyo usiniletee habari za kiuno cha mbuzi wakati mtoto analala bila chandarua na dawa ya minyoo hujawahi kumpa.

Chai usimpe. Ya rangi, ya maziwa, ya “kuchovyea mkate tu”, zote. Chai inakizuia chuma cha kwenye maharage na mboga kisifyonzwe, na kwenye ile ya rangi mtoto hakuna anachopata zaidi ya sukari.

Maziwa yapime. Mtoto aliyepita mwaka mmoja na anayekunywa ya ng'ombe asizidishe nusu lita kwa siku. Nawajua wazazi wanaojivunia mtoto anayemaliza lita nzima, kisha wanalalamika kwamba hali. Atakula saa ngapi? Amekwisha kushiba, na alichoshiba karibu hakina chuma kabisa, tena kinapunguza ufyonzwaji wa kile kidogo kilichotoka kwenye chakula. Chupa ya usiku ndiyo ya kwanza kuondoka.

Loweka maharage usiku kucha, yamwage maji yale, pika kwa maji mapya. Hivyo hivyo kunde na mbaazi. Kuloweka kunapunguza vile vitu vinavyokishikilia chuma. Kisha usimpe bila tunda: kamulia ndimu kwenye maharage yaliyopondwa, au mpe papai, chungwa, pera au embe pale pale mezani, siyo saa kumi jioni. Vitamini C ndiyo inayokifungulia mlango chuma cha mimea. Mchicha na matembele nayo ni hivyo hivyo. Bila tunda, sehemu kubwa ya chuma chake inatoka kama ilivyoingia.

Jifunze kutumia dagaa. Sijui ni kwa nini tunawaona kama chakula cha mwisho wa mwezi. Kidagaa kinaliwa karibu kizima, pamoja na mifupa na ini, kwa hiyo kinabeba chuma, zinki, kalsiamu na vitamini B12, ambayo mimea haina. Wakenya wanawaita omena, Waganda mukene, na pande zote za Ziwa Victoria ni samaki yule yule. Nunua waliokaushwa kwenye vichanja. Wa kwenye mchanga wanakuja na mchanga wao. Chagua wasio na chumvi. Toa vichwa, osha kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa mpaka maji yatoke safi, wakaushe vizuri kisha wakaange bila mafuta mpaka wawe wakavu kabisa, halafu saga uwe unga laini. Kijiko kimoja cha chakula kwenye mboga, maharage au viazi vya kuponda kila siku, na kipikwe pamoja. Weka kidogo siku ya kwanza ili harufu isimshtue. Mtoto asiyetaka kuona finyango hana ugomvi na unga.

Maini ni mazuri sana, ya kuku hasa kwa ulaini wake. Mara moja kwa wiki, kipande kidogo. Yana vitamini A nyingi mno, na ikizidi inadhuru.

Usitibu kwa rangi. Bitiruti ni nyekundu, rozela ni nyekundu, na damu ni nyekundu. Undugu wao unaishia hapo. Bitiruti ina chuma kidogo tu. Kunywa mwenyewe ukipenda.

Usimpikie uji wa unga wenye kila kitu. Mahindi, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa kwenye mfuko mmoja, ukakaa kabatini mwezi mzima: kimoja kikiota kuvu, mfuko wote umeharibika na hutajua. Sumukuvu si hadithi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kutokana na mahindi. Saga nafaka moja au mbili, kidogo kidogo. Karanga zichague moja moja, iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au chungu itupwe, na uzisage karibu na siku ya kuzitumia.

Soseji si nyama ya watoto. Ni chumvi na mafuta, na ikikatwa vipande vya duara ndiyo saizi kamili ya kuziba koo. Karanga nzima na ubuyu wenye kokwa ni hivyo hivyo. Samaki pitisha vidole mwenyewe mpaka uridhike kwamba mwiba haupo.

Mezani, wewe chagua chakula, saa na mahali. Yeye achague kiasi, hata kama kiasi chenyewe ni sifuri. Kanuni hii ni ya mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, na bado ni ngumu kumeza kwa mzazi wa kwetu aliyelelewa kumaliza sahani. Weka kipande kidogo cha nyama kando ya anachokipenda. Usiseme kitu. Baada ya nusu saa, ondoa. Rudia siku nyingine, na nyingine. Mtoto huweza kuhitaji kukutana na chakula mara kumi au kumi na tano kabla ya kukionja. Usimhonge kwa pipi, maana utamfundisha kwamba nyama ni adhabu na pipi ni malipo. Usimwashie katuni. Usimtishe kwa sindano ya daktari, kwa sababu siku moja atahitaji sindano kweli. Kaa naye kwenye sinia ule nyama yako. Siku atakayoinyakua kutoka upande wako, usipige vigelegele wala usimpigie bibi simu.

Na usimtangaze kwa wageni, “Huyu wetu hali nyama.” Anasikia. Atalitunza jina hilo.

Mpeleke kituo cha afya ukiona viganja vimepauka, anachoka bila sababu, anakula udongo au kulamba kuta, au mstari kwenye kadi ya kliniki umelala. Mpeleke pia kama hagusi nyama, samaki, mayai wala maziwa, kwa kuwa hapo B12 anaikosa kabisa. Omba apimwe damu; kwa mtoto aliyetimiza miaka miwili, chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Akiandikiwa dawa ya chuma ya maji, mpe kwa kipimo kilichoandikwa, kwa siku zilizoandikwa. Vile vidonge vya chuma, FEFO, ulivyobakiza tangu ujauzito usimvunjie nusu wala robo. Chuma kikizidi ni sumu inayoua watoto wadogo, na vidonge vile vinafanana na pipi. Viweke kwenye kabati linalofungwa kwa ufunguo, leo.